Ukumbi wa shabaha ndani ya nyumba: Ukuta ni rahisi, hewa ndiyo ghali

KWA mwenye shamba wa Minnesota au Wisconsin, kaskazini mwa Marekani, majira ya baridi ni marefu. Mahindi yamekwisha kuvunwa, theluji imefunika kila kitu na bunduki ya kuwindia imetundikwa. Chini ya nyumba kuna chumba cha zege, kirefu, ambacho mara nyingi huwekwa boila, mashine ya kufulia na makorokoro ya miaka mingi. Ndipo linapomjia wazo: kwa nini asisimamishe bamba la chuma upande mmoja, akasimama upande wa pili na kulenga shabaha hadi theluji iyeyuke?

Wazo hilo si geni. Mwaka 1845 Mfaransa Louis-Nicolas Flobert alibuni risasi ndogo kwa ajili ya watu waliotaka kulenga shabaha sebuleni mwao. Kutokana na ubunifu huo ndipo zilipozaliwa risasi nyembamba za aina ya .22, ambazo hadi leo ndizo zinazopendwa na wanaojifunza kwa kuwa ni za bei nafuu na hazina kishindo kikubwa.

Kinachowakwamisha wengi si ukuta. Mwenye nyumba huanza kwa kuuliza bei ya chuma na saruji, akaona inawezekana, akaanza kujenga. Gharama halisi ya mradi huu iko katika kitu asichokiona, yaani hewa, na katika vumbi linaloelea ndani yake.

Kiswahili chetu kina neno moja kwa vitu viwili. Risasi ni ile itokayo katika mtutu wa bunduki, na risasi ni yale madini mazito, laini na ya kijivu yanayowekwa katika betri za magari. Si ajali ya lugha. Sehemu kubwa ya risasi za bunduki hutengenezwa kwa madini hayo, na ndani ya kitako cha risasi nyingi, katika ile fataki inayopigwa na kifyatulio, kuna kemikali nyingine yenye madini hayo hayo.

Fataki inapolipuka, kemikali hiyo hugeuka moshi na kutokea karibu kabisa na uso wa mlengaji. Baruti inapowaka, huunguza kitako cha risasi na kuyeyusha kiasi kidogo. Risasi inapogonga chuma upande wa pili, hupasuka vipande na vumbi. Hivyo kila mlio mmoja huacha madini katika sehemu tatu: mbele ya pua ya mlengaji, ndani ya mtutu, na mwishoni mwa chumba.

Uwanjani, upepo huchukua sehemu ya uchafu huo. Chini ya nyumba hakuna upepo.

Ukuta wa kusimamisha risasi

Tuanze na lililo rahisi. Risasi ya .22 ina uzito wa gramu 2.6 hivi na hutoka kwa mwendo wa zaidi ya mita 300 kwa sekunde. Nje, ikirushwa kwa pembe fulani, inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu. Ni kosa kuiita "ndogo" kwa sababu tu mlio wake ni mdogo.

Ukuta mtupu wa zege hautoshi. Zege hupasuka, hutupa vipande, na risasi inayogonga kwa pembe mbaya hudunda. Chuma laini cha kawaida, kile fundi wa kuchomelea anachotengenezea mageti, huanza kuingia mashimo, na kila shimo huwa kama bakuli linalorudisha vipande kwa aliyefyatua. Ndiyo maana hutumika bamba gumu maalum, likiwekwa kwa mshazari ili risasi ielekee chini na kuangukia kwenye sanduku au mchanga.

Wengine hutumia mchanga mtupu, wengine chembe za mpira wa matairi. Mchanga ni wa bei nafuu, lakini baada ya muda hujaa risasi, na siku ya kuuchekecha ndiyo siku ya vumbi kuliko zote. Mpira hupokea risasi kimya kimya, ila unaweza kushika moto, na moto wa matairi ndani ya chumba cha chini ya ardhi si wa kuzimwa kwa ndoo. Tena chembe za baruti ambazo hazikuungua hudondoka sakafuni mbele ya mlengaji. Zikilundikana, cheche moja inatosha.

Bamba la mwisho wa chumba peke yake halimalizi kazi. Dari ya nyumba nyingi za Marekani ni mbao na jasi, na juu yake kuna jiko, sebule na vitanda vya watoto. Jasi haizuii risasi. Mjenzi makini hujiuliza bunduki ikifyatuka kwa bahati mbaya ikiwa imeelekea juu, kushoto, kulia au mlangoni, risasi itaishia wapi? Pasipokuwa na jibu kwa kila upande, kazi haijakamilika hata kama shabaha imekwisha kubandikwa.

Wapo wanaonunua kontena la meli la futi 40, wakalifukia uani na kuliita ukumbi. Kontena limeundwa kubeba mzigo kwenye pembe zake nne, na ndiyo maana hupangwa moja juu ya jingine melini. Kuta zake za ubavuni hazikuundwa kusukumwa na udongo. Likifukiwa bila kuimarishwa hubonyea, na udongo ukilowa uzito huongezeka. Kuta zake nyembamba pia si kinga ya risasi iliyopotea njia.

Hesabu ya hewa

Sasa tuje kwenye fedha. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inayojulikana kwa kifupi kama NIOSH, ilitoa mwongozo wa kumbi za ndani mwaka 1975, na mwaka 2009 ikatoa tahadhari kwa wanaofanya kazi humo. Kiini chake ni kwamba hewa safi iingie nyuma ya mlengaji, impite kwa utulivu kama maji ya mfereji, iubebe moshi kuelekea kwenye shabaha, kisha itolewe nje baada ya kuchujwa. Mwendo unaopendekezwa penye mstari wa kufyatulia ni futi 75 kwa dakika, na usipungue futi 50.

Futi 75 kwa dakika ni mwendo wa polepole, chini ya nusu mita kwa sekunde. Mtu aliyesimama hapo huusikia kwa shida. Lakini mwendo huo unatakiwa katika upana na kimo chote cha chumba, wala si mbele ya feni tu.

Chukua chumba chenye upana wa mita 2.4 na kimo cha mita 2.4, yaani nafasi ya mlengaji mmoja. Eneo lake la mbele ni mita za mraba 5.76. Zidisha kwa mwendo huo, utapata karibu mita za ujazo 2.2 za hewa kila sekunde, au karibu mita 7,900 kwa saa. Nyumba yenye sakafu ya mita za mraba 150 na kimo hicho hicho ina hewa ya mita za ujazo 360 tu. Kwa maneno mengine, ukumbi wa mtu mmoja unataka kutoa nje hewa ya nyumba nzima kila baada ya dakika tatu kasoro.

Feni ya chooni haiwezi. Feni ya jikoni haiwezi. Hata feni kubwa iliyotobolewa dirishani haisaidii ikiwa hewa inayoingia inatoka kona moja tu, kwa sababu hewa huzunguka kama maji ya kisimani na kuurudisha moshi usoni kwa mlengaji. Mwili wenyewe wa mlengaji hutengeneza kizunguzungu cha hewa mbele ya kifua chake.

Kisha kuna baridi. Tuseme nje ni nyuzi 5 chini ya sifuri na ndani inatakiwa nyuzi 20. Kupasha joto mita za ujazo 2.2 kwa sekunde kwa tofauti hiyo ya nyuzi 25 kunahitaji karibu kilowati 66. Nyumba ya kawaida ya Marekani yenye umeme wa ampea 200 kwa volti 240 hupokea kilowati 48, basi. Mwenye nyumba akizima kila kitu, jokofu, taa na televisheni, umeme wake wote bado hautoshi kuipasha hewa ya mlengaji mmoja.

Kwa bei ya wastani ya umeme wa majumbani nchini humo mwaka 2024, ambayo ilikuwa senti 16 na nusu hivi za dola kwa yuniti, saa moja ingegharimu karibu dola 11. Kwa saa mbili kila wiki katika wiki 16 za baridi ni dola 350 hivi, kabla ya kununua feni, mabomba na machujio. Gesi ingepunguza ankara, lakini isingepunguza ukubwa wa mitambo.

Hapo ndipo mwenye nyumba hushawishika kufanya lile linaloonekana la busara, yaani kufunga feni ya kutoa na kusahau ya kuingiza. Matokeo yake ni mabaya kuliko kutokuwa na feni. Feni inapovuta bila hewa mpya kuingia, nyumba hutafuta hewa popote, na njia iliyo wazi ni bomba la moshi la boila au la kipasha maji. Moshi uliotakiwa kupanda nje hugeuka na kushuka ndani, ukiwa na ile hewa ya sumu isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini. Utaratibu unaoshauriwa ni kutoa hewa kidogo zaidi ya ile inayoingizwa, takriban asilimia 10, ili vumbi lisivuje kwenda vyumba vingine, na ukumbi utengwe kabisa na chumba chenye boila.

Wapo wanaojifariji kwamba angalau madini yatauzwa. Familia inayofyatua risasi 200 za .22 kila wiki huacha nusu kilo ya madini ukutani, sawa na kilo 27 kwa mwaka. Katika soko la dunia tani moja imekuwa ikiuzwa karibu dola 2,000 katika miaka hii, kwa hiyo mzigo wote wa mwaka, hata ukipewa bei kamili isiyotolewa kwa bidhaa chakavu, ni dola 54. Hautoshi hata kulipia hewa ya joto ya saa tano.

Vumbi halibaki chini

Madini ya risasi hayana faida yoyote mwilini. Huingia kwa kuvutwa na kwa kumezwa, hukaa katika damu kwa wiki kadhaa na katika mifupa kwa miaka. Mtu mzima hupata maumivu ya tumbo na kichwa, uchovu, shinikizo la damu, figo kudhoofika, uzazi kuharibika. Kwa mtoto mdogo tatizo ni ubongo unaokua, na kilichopotea hakirudi.

Marekani ina kumbukumbu nzuri katika jambo hili. Kati ya mwaka 2002 na 2012, mfumo wa kitaifa wa kufuatilia vipimo vya damu vya watu wazima ulipokea taarifa za watu 2,056 wa kazi za polisi na za burudani, zikiwamo kumbi za shabaha, waliokutwa na mikrogramu 10 au zaidi za madini hayo katika kila desilita ya damu. Wengine 2,673 walikuwa na kiwango hicho si kwa sababu ya kazi, bali yaelekea kwa sababu ya kulenga shabaha kama starehe. Wote hao ni waliopimwa. Anayefyatulia nyumbani kwake hana mwajiri wa kumpeleka maabara.

Mwaka 2012 katika jimbo la Washington, mafundi ujenzi waliokuwa wakipanua ukumbi mmoja wa biashara walikutwa na madini hayo katika damu. Hawakufyatua hata risasi moja. Walibomoa tu kuta na dari zilizokuwa zimekusanya vumbi la miaka.

Kwa watoto, kiwango ambacho mamlaka za afya za nchi hiyo huanza kuchukua hatua ni mikrogramu 3.5, kilichowekwa mwaka 2021 badala ya 5 ya mwaka 2012. Kwa wafanyakazi, kanuni ya taifa ya mwaka 1978 inaruhusu mikrogramu 50 katika kila mita ya ujazo ya hewa kwa wastani wa saa nane, lakini California tangu Januari 2025 imeshusha hadi 10. Mwelekeo ni mmoja tu: kila viwango vinapopitiwa upya, hushuka.

Vumbi hupanda ngazi pamoja na viatu. Hukaa kwenye zulia, kwenye nguo zilizotupwa kapuni pamoja na nepi za mtoto, kwenye nywele. Kufagia kwa ufagio mkavu hulirusha upya hewani. Mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi ni mbaya zaidi, kwani hulivuta sakafuni na kulipuliza nyuma likiwa laini kuliko awali. Inayofaa ni ile yenye chujio maalum linalonasa karibu chembe zote. Sakafu iwe laini isiyo na zulia, ipigwe deki kwa maji, na maji hayo yasimwagwe bustanini. Nguo zifuliwe peke yake. Mikono na uso vioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula au sigara. Mjamzito na watoto wasiwemo chumbani, hata kwa kuangalia.

Mlio nao si wa kupuuzwa. Wataalamu wanasema mlio wa ghafla usizidi desibeli 140, na bunduki nyingi huvuka hapo. Katika chumba cha zege sauti hugonga kuta na kurudi, hivyo hushauriwa kuvaa vizibo ndani ya sikio na vifuniko juu yake, vyote viwili. Masikio yakiharibika kwa kelele hayaponi.

Sheria za huko hutofautiana sana. Mwaka 2011 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliuzuia mji wa Chicago kutumia marufuku yake ya kumbi za shabaha, ilhali mji huo huo ulitaka kila anayeomba kibali afanye mazoezi katika ukumbi. Florida kwa upande wake, mwaka 2016, ilipiga marufuku kufyatua kwa starehe nje ya nyumba katika maeneo ya makazi yaliyobanana. Miji mingi ina sheria zake ndogo, na kampuni ya bima nayo ina maswali yake. Kwetu mambo yako wazi zaidi: Tanzania kwa sheria ya mwaka 2015 na Kenya kwa Sura ya 114, silaha humilikiwa kwa leseni, na si jambo la mtu kujiamulia na fundi wake.

Hata hivyo mkulima na mfanyabiashara wa hapa asidhani habari hii ni ya ng'ambo pekee. Madini ni yale yale. Huko Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, mwaka 2010 zaidi ya watoto 400 walifariki baada ya wazazi wao kusaga mawe ya dhahabu yenye madini ya risasi katika nyua za nyumba zao. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichoanza mwaka 2007 na kufungwa mwaka 2014 kiliacha sumu katika damu na udongo wa kijiji. Kesi iliyopiganiwa na Phyllis Omido na wenzake ilileta fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya mwaka 2020, ikatenguliwa kwenye rufaa, na ikarejeshwa na Mahakama ya Juu Desemba 2024.

Anayeyeyusha betri jikoni ili apate chubwi za mishipi ya kuvulia samaki yumo katika hesabu hiyo hiyo, tena bila feni. Ng'ombe hupenda kulamba betri iliyopasuka, na mmoja hutosha kuonyesha wengine njia. Kuku anayechakura penye vumbi hilo hupitisha madini hadi kwenye yai. Mfugaji anayepokea betri chakavu na kuzilundika karibu na banda anaweza kuwa anapoteza mfugo huku akimlaumu mganga wa mifugo.

Kwa wanaotaka shabaha kama mchezo, Marekani yenyewe ina njia ya gharama ndogo zaidi, na inatoka upande wa kilimo. Vyama vya vijana wa vijijini vya 4-H, vinavyoendeshwa kupitia maofisa ugani wa vyuo vikuu vya kilimo, na ambavyo ndivyo vilivyozaa vile vya 4-K vya Kenya vilivyofufuliwa mwaka 2021, hufundisha kulenga shabaha chini ya mwalimu aliyepitia mafunzo, na wengi huanzia kwenye bunduki za upepo. Bunduki ya upepo haina fataki wala baruti, hivyo moshi wa usoni haupo. Michezo ya Olimpiki imekuwa na mashindano yake ya umbali wa mita 10 tangu mwaka 1984. Vijiwe vyake vingi bado ni vya madini hayo, kwa hiyo kunawa mikono kuko pale pale, na kwa Kenya nayo huhesabiwa ni silaha ya kuombewa leseni.

Ukumbi kamili nao hauna budi kuwa wa watu wengi. Feni, machujio na bamba ni gharama zisizobadilika, ziwe zinatumiwa na mtu mmoja kwa saa mbili au na wanachama mia moja kwa wiki nzima. Ni hesabu ile ile ya trekta au mashine ya kukoboa: anayeinunua peke yake kwa ekari mbili huila hasara kila msimu. Vilabu vya shabaha vya mijini Marekani hutoza ada kwa sababu hiyo, na ada inayomkera mwenye nyumba wa Wisconsin, ikilinganishwa na kilowati 66, haionekani tena kuwa kubwa.

Aliyekwisha kujenga na kutumia ukumbi wake kwa miaka asikimbilie kubomoa wala kufagia. Hatua ya kwanza ni kupima damu ya kila mtu anayelala katika nyumba hiyo, kuanzia mtoto mdogo kabisa. Ya pili ni kufunga mlango wa chini na kuacha viatu huko huko.